Bunduki Isiyokosa na Sajenti wa Chooni

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo kwenye ramani, na kama ipo basi aliyechora alikosea. Haihusiani na nchi yako wala yangu. Ukisoma ukaona kama unaijua, hayo ni macho yako tu, nenda kayapime.

Sasa katika nchi hiyo isiyokuwepo alikuwepo sajenti mmoja wa jeshi, Hamduni Sikubali, na kazi yake kubwa duniani ilikuwa kukaa chooni.

Usicheke, hakuwa na tumbo la kuhara. Mambo yalianzia kwa mwasisi wa taifa, ambaye alikuwa mwindaji, mtu wa maneno machache na nyama nyingi. Alipoandika katiba hakutaka makuu. Alisema: kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa taifa, kiongozi asimame mbele ya watu, apewe risasi moja, na kule mbele kitundikwe kibuyu. Akikiangusha, aendelee kula. Akikosa, ampishe atakayekiangusha. Basi, kwisha. Baadaye wasomi wakaongeza ibara chungu nzima, lakini wananchi waliishika hiyo moja, maana zile nyingine hazina kibuyu.

Mtawala wa zama hizi aliitwa Mtukufu Asiyekosa. Jina alilopewa na mama yake lilikwisha kusahaulika, na aliyelikumbuka alijifanya hakumbuki. Miaka nenda miaka rudi kibuyu kilianguka, na wananchi wakapiga makofi. Risasi yake yeye mwenyewe ilikwenda ilikokwenda. Kuna mwaka ilimpata ng'ombe aliyekuwa akila majani yake kilimani bila ugomvi na mtu, na uchunguzi ukathibitisha kwamba ng'ombe yule alikuwa jasusi. Mwaka mwingine ilitoboa ngoma kubwa ya bendi ya jeshi, mpigaji akashtakiwa kwa kukaa nyuma ya ngoma isiyo na uzalendo.

Kibuyu kilikuwa kikiangushwa na Hamduni. Pembeni mwa uwanja, karibu kabisa na nguzo ya kibuyu, palikuwa na choo cha zamani kilichoandikwa mlangoni KIBOVU, USIINGIE. Humo ndani sajenti alijikunja na bunduki yake kuukuu, mtutu kwenye tundu la hewa, pua ndani ya kitambaa. Mtukufu akifyatua, naye anafyatua. Milio miwili inasikika kama mmoja. Mwaka mmoja alibanwa na chafya akatangulia kidogo, na tangu hapo shule za nchi ile zinafundisha kwamba mwangwi hutangulia sauti. Mwanafunzi akiandika kinyume anafeli.

Siri hii ilijulikana na watu wawili, Hamduni na Waziri wa Ulinzi na Furaha. Mke wa Hamduni, Bi Mwanakombo, hakuambiwa. Lakini mke haambiwi, hunusa, na harufu ile ya kila mwaka haikuwa ya gwaride. Asiyejua hata chembe alikuwa Mtukufu mwenyewe. Maskini, aliamini kwa moyo mmoja kwamba ana shabaha ya ajabu.

*

Ikawa siku moja Waziri wa Ulinzi na Furaha, Profesa Ndimila, akarudi kutoka ng'ambo na sanduku refu. Alikuwa mtu wa kipara kinachong'aa na sauti ya kutangulia mlangoni. Akawaita wananchi uwanjani, akafungua sanduku.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Zama za kulenga kwa jicho zimekwisha. Jicho ni nini? Jicho lina usingizi, lina tongotongo, lina husuda. Bunduki hii ina darubini, na ndani ya darubini mna kompyuta. Inapima umbali, inapima upepo, inapima hata joto la mchana. Unakitazama unachotaka kukipiga, unabonyeza kitufe hiki chekundu, papo hapo inakiwekea doa. Kuanzia hapo hata kikitoka mbio, doa linakifuata. Wewe unavuta kifyatulio na kukishikilia tu. Mkono utetemeke utakavyo, bunduki inasubiri! Mtutu ukilingana na doa sawasawa, ndipo risasi inatoka yenyewe. Haikosi! Sasa, Asiyekosa amepata mwenzake!"

Makofi yakapigwa. Mwalimu mmoja wa hesabu akanyoosha mkono, akauliza: kama Mtukufu hakosi, bunduki isiyokosa ni ya nini? Swali lilisifiwa sana kwa kina chake, na mwalimu akapelekwa semina. Semina hiyo inaendelea mpaka leo.

Kisha Waziri akatangaza la mwisho. Kwa kuwa bunduki ile ina kamera ndani ya darubini, siku ya sherehe patasimamishwa skrini kubwa kama ukuta wa msikiti, ili kila mwananchi aone kile anachokiona Mtukufu anapolenga. Waziri alifurahia wazo lake hilo mpaka akajipigia makofi mwenyewe.

Hamduni alikuwa amesimama nyuma ya watu, akaelewa kwamba choo hakimhitaji tena.

*

Kesho yake aliitwa wizarani. Waziri alimkaribisha kiti, jambo ambalo halijapata kutokea, na hapo ndipo Hamduni alipoogopa kweli.

"Sajenti Hamduni," Waziri akaanza, "taifa linakushukuru. Umelitumikia kwa moyo, kwa jasho na kwa... kwa pua. Sasa tumepata mashine. Unapumzishwa."

"Kupumzishwa vipi, Mheshimiwa?"

"Kupumzika ni kupumzika. Siku ya sherehe utakaa mle chooni kama kawaida, lakini usifanye kitu. Tulia tu. Sherehe zikiisha gari litakuja kukuchukua hapo hapo."

"Kunipeleka wapi, Mheshimiwa?"

"Usibebe nguo nyingi," Waziri akasema kwa upole. "Kule hazihitajiki."

Hamduni alimkumbuka Koplo Tindwa, aliyekaa chooni kabla yake. Naye alipumzishwa, na amepumzika mpaka leo. Hata kaburi lake halijulikani lilipo. Mtu anayejua siri, madhali siri inamhitaji, hufugwa kama kuku wa mayai. Mayai yakikoma, kila mtu anajua kuku anaelekea wapi. Sajenti alipiga saluti, akatoka.

*

"Kimbia," Bi Mwanakombo akamwambia baada ya kusikia yote. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua macho.

"Nikimbilie wapi? Barabara zote zina vizuizi mpaka sherehe ziishe."

"Kajifanye mgonjwa."

"Gari litanifuata hospitali. Afadhali choo, angalau nimekizoea."

"Ama kweli mmeoana wewe na choo!" Akaweka ungo chini, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Sikiliza, baba. Hiyo mashine yao inaweza kushindwa?"

"Haishindwi. Nimeiona kwa macho yangu. Hata wewe ungeishika ungepiga kunguru angani."

"Mimi ndiyo. Lakini mimi naambilika."

Hamduni akamtazama.

"Nani atamwonyesha mzee yule pa kubonyeza?" akasema Bi Mwanakombo. "Nani ana shingo mbili katika nchi hii? Nenda na bunduki yako kuukuu. Na usiende bila risasi."

*

Na kweli. Huko Ikulu Waziri Ndimila alikuwa ameshafika kwenye ukuta huo huo na kuugonga kwa kipara.

"Mtukufu," alianza, bunduki mikononi, "hapa pana kitufe chekundu. Ukishaona kibuyu..."

"Ndimila," Mtukufu akamkata, "unanifundisha mimi kulenga?"

"Hasha, Mtukufu! Nithubutu vipi! Kumfundisha samaki kuogelea?"

"Nilidhani."

Hapo mlango ukafungwa. Kumwambia Asiyekosa namna ya kutokosa ni kumwambia kwamba anaweza kukosa, na kosa hilo kisheria lilikuwa uhaini. Baraza la Mawaziri likakaa, likaunda kamati, kamati ikapendekeza Mafunzo kwa Niaba. Mawaziri wote wakapelekwa porini kujifunza bunduki kwa niaba ya Mtukufu, kwa imani kwamba elimu itamfikia kwa njia ya heshima. Waziri wa Uvuvi alipiga kunguru, Waziri wa Elimu akapiga embe kwenye kikonyo. Wote walihitimu. Mtukufu alipewa cheti cha kwanza.

Lakini Waziri Ndimila, pamoja na kelele zake, hakuwa mjinga. Alijua cheti hakibonyezi kitufe. Akaiita Kwaya ya Taifa, akawatungia wimbo wa kumfunza mzee bila mzee kujua anafunzwa:

"Bonyeza, ee bonyeza,
kidole chako cha baraka,
kitufe chekundu, baba,
bonyeza sasa!"

Mtukufu aliupenda. Akadhani ni wimbo wa wafanyabiashara wa maparachichi. Akawa anauimba bafuni, na kila ulipofika "bonyeza sasa" alibonyeza chochote kilichokuwa karibu: sabuni, kengele, shavu la mlinzi. Waziri alipoona hivyo alilala usingizi mnono. Kwaya ikaagizwa: siku ya sherehe, Mtukufu akishainua bunduki begani, imbeni mara moja, na imbeni kwa nguvu.

*

Siku ikafika. Uwanja ukajaa, watu wakapanda hadi juu ya kuta. Skrini kubwa ikasimamishwa. Bi Mwanakombo alikuwa safu ya mbele, khanga kaifunga kiunoni kama anayekwenda msibani au ugomvini. Hamduni alikuwa chooni, bunduki yake mapajani na risasi moja ndani. Nje, nyuma ya choo, alisikia gari likiegeshwa na wanaume wakizungumza habari za mpira huku wakimsubiri.

Waziri Ndimila, akiwa na maikrofoni ndogo iliyobanwa kwenye ukosi wa koti ili aeleze kila hatua, alikwenda mwenyewe hadi kwenye nguzo. Alitaka kukizungusha kibuyu ili upande wake mzuri uelekee kamera.

Sasa Mtukufu naye hakuwa na subira. Kuona bunduki inang'aa, akaipachika begani na kuchungulia darubini ili aone ilivyo.

Kiongozi wa kwaya akaona bunduki begani. Agizo ni agizo. Akapunga mikono.

"Bonyeza, ee bonyeza..."

Ndani ya darubini Mtukufu hakuona kibuyu. Aliona kitu cha mviringo, laini, kinang'aa juani, akaridhika kabisa. Kwaya ilipofika "bonyeza sasa!" akabonyeza.

Kwenye skrini, mbele ya taifa zima, doa jekundu likatua katikati ya kipara cha Waziri wa Ulinzi na Furaha.

Waziri akageuka, akajiona kwenye skrini, mkubwa kama nyumba, na doa lake kiparani.

"Lo," akasema, na vipaza sauti vikasema naye.

Mtukufu akavuta kifyatulio na kukishikilia. Mikono ilimtetemeka kwa uzee, mtutu ukaenda kushoto, ukaenda kulia, na bunduki, kama ilivyoahidiwa, ikasubiri.

Waziri akatoka mbio. Doa nalo likatoka mbio. Akakimbilia kushoto, lipo. Akakimbilia jukwaa la mabalozi, lipo, mabalozi wakalala chini kidiplomasia. Akakimbilia kwa mawaziri wenzake, nao wakamtawanyikia kama kuku walioona mwewe. Mshereheshaji alikuwa ameshika kipaza sauti asijue la kusema, na kwa kuwa alikuwa na lugha ya aina moja tu, akaitumia: "Mtukufu amelenga! Mtukufu hakosei!"

"Mwambieni!" Waziri akapiga kelele. "Mwambieni amekosea!"

Nani amwambie? Walitazamana. Kama Mtukufu kamlenga Waziri, basi shabaha ya mwaka huu ni Waziri, na bila shaka ana jambo. Mkuu wa Polisi alikuwa ameshaanza kulitafuta jambo lenyewe. Wananchi nao wakaguna, "Aaa! Kumbe ni yeye!" ingawa hawakujua ni yeye wa nini.

Palikuwa na mlango mmoja tu ambao Profesa Ndimila alijua nyuma yake pana msaada. Akaufikia, akaugonga kwa ngumi zote mbili.

"Kuna mtu," Hamduni akajibu kutoka ndani.

"Hamduni! Fungua! Ni mimi Waziri wako!"

"Choo hiki kibovu, Mheshimiwa. Soma mlangoni."

"Piga kibuyu! Kibuyu kikianguka ataacha kifyatulio! Piga, Hamduni, nakusihi!"

"Mimi nimepumzishwa, Mheshimiwa."

"Nakurudisha kazini!"

"Na lile gari hapo nyuma?"

"Naliondoa! Wallahi naliondoa! Nyie, ondoeni gari! Hutapelekwa alikopelekwa Tindwa! Piga tu, Hamduni, piga kama ulivyompigia miaka yote, maana yule mzee hajawahi kukipiga hata mara moja!"

Maikrofoni ya kwenye ukosi ilifanya kazi yake vizuri sana. Maneno yalikwenda mpaka sokoni, wauza nyanya wakaacha kupima.

Hamduni aliyasikia yakirudi kutoka kilimani, neno kwa neno. Siri ilikuwa imekwisha. Na wakati huo huo akafahamu kwamba mtutu wa bunduki isiyokosa unautafuta mlango wa mbao, na yeye yuko nyuma ya mlango huo. Hasira zikampanda. Miaka yote kanusa kinyesi cha watu kwa ajili ya sifa za mwingine, kisha afe humo humo? Hapana! Akausukuma mlango, Waziri akapepesuka akaanguka kifudifudi matopeni, sajenti akatoka nje.

Jua lilimwumiza macho. Hakuwahi kukiona kibuyu kikiwa hivi, kizima, bila fremu ya tundu la hewa. Kwenye skrini watu walimwona sajenti mwembamba, kitambaa kimemning'inia shingoni, akipiga goti. Alilenga kwa jicho lake, lenye tongotongo na yote. Akafyatua.

Kibuyu kikapasuka, vipande vikaanguka.

Mtukufu akashtuka akaachia kifyatulio. "Nimepiga!" akasema kwa furaha, akainua mikono. "Mmeona? Nimepiga!"

Ndipo bunduki yake, ambayo ilikuwa na sauti ya kike yenye adabu, ikazungumza kupitia vipaza sauti: "Shabaha haijapigwa. Risasi zilizotoka: sifuri. Tafadhali jaribu tena."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtukufu akaigeuza bunduki, akaitazama kama mtu aliyetukanwa na mwanawe. Akamtazama Waziri aliyelala kifudifudi. Mwisho akamtazama Hamduni, na moshi uliokuwa bado unatoka kwenye mtutu wake kuukuu.

"Miaka yote?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

Hamduni alitaka kusema uongo. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimshangaza. "Yote, mzee wangu," akajibu.

Mtukufu aliiweka bunduki chini taratibu, akaketi kwenye ngazi ya jukwaa, akaomba maji.

*

Maji hayakuletwa, kwa sababu hapakuwa na wa kuyaleta. Jaji Mkuu alikuwa ameshasoma katiba kwa sauti: aliyekiangusha ndiye. Hata kabla hajafika nukta, mawaziri wote walikuwa wameshavuka uwanja mbio na kumzunguka Hamduni. Mmoja alimpangusa vumbi begani. Mwingine alikivuta kile kitambaa chake shingoni, akakinusa, akasema kina harufu ya uongozi. Wanaume wa lile gari nao walikuja, wakafungua mlango wa nyuma, wakainama: gari ni lile lile, sasa lina bendera. Wa kwanza kupiga magoti alikuwa Profesa Ndimila, matope bado usoni.

"Mtukufu," akamwambia, "siku zote nilijua."

Hamduni alipapasa koo lake kuhakikisha bado lipo. Atalala nyumbani leo, hilo lilikuwa la hakika, na furaha ilimjaa mpaka akataka kulia. Kwa mbali alimwona Bi Mwanakombo akipenya katikati ya walinzi na kikombe cha maji, akimpelekea yule mzee aliyekaa peke yake kwenye ngazi. Akajisikia aibu kwamba hakuwa yeye.

Akapaza sauti wote wasikie: "Sikilizeni. Mambo ya chooni yamekwisha. Mwakani nitasimama pale mbele ya watu, nitapiga mwenyewe. Nikikosa, nitaondoka."

Mawaziri wakacheka. Walicheka vizuri, kwa kushikana mabega, jinsi inavyochekwa mizaha ya wakubwa. Profesa Ndimila alicheka kupita wote, akajifuta machozi kwa mkono wa koti, kisha akamwinamia koplo mmoja aliyesimama karibu, akamnong'oneza: "Kile choo kisibomolewe. Na wewe, shabaha yako ikoje?"